Kati ya Kisu na Kulala Chali

Mume wangu alianguka kutoka kwenye mnara wa tangi la maji katika hoteli moja ya Diani, alikokuwa fundi wa mabomba. Hewa ya bahari hula chuma polepole. Ngazi ya mnara ule ilikuwa ikipakwa rangi ya kijani kila msimu wa wageni ulipokaribia, na chini ya rangi hiyo nzuri chuma kilikuwa kimebaki ganda. Kipandio kimoja kilimwachia akiwa karibu na juu, spana mkononi, naye akatua kwa makalio kwenye sakafu ya saruji.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya zile mvua za elnino zilizotuachia barabara yenye mashimo kutoka Ukunda hadi Msambweni. Wenzake walimkimbilia wakataka kumsimamisha. Ndivyo tufanyavyo wengi wetu: mtu akianguka tunamshika kwapa tumwinue, tuone kama yu mzima. Mlinzi wa bwawa la kuogelea, ambaye alikuwa amefundishwa namna ya kumtoa mtu majini, aliwakemea wamwache chini. Wakaleta kitanda cha mbao wanacholalia wageni juani, wakamtelezesha juu yake akiwa amenyooka, wakamfunga kwa leso za wanawake wa jikoni na kumpakia kwenye pikapu ya hoteli. Watu hao nawaombea dua hadi leo. Lau wangemsimamisha, pasingekuwa na la kuamua.

Mimi nilikuwa darasani, katika shule ya msingi karibu na Bongwe. Mpishi wa hoteli alikuja kuniita kwa baiskeli.

"Mwalimu, hujambo? Watoto hawajambo? Nyumbani salama?"

Kwetu pwani habari mbaya hutanguliwa na salamu kamili, na kadiri salamu zinavyorefuka ndivyo moyo unavyozidi kwenda mbio.

"Fundi ameteleza kidogo," akasema hatimaye. Kisha akaniuliza hali ya mama yangu. Hapo nikajua hakuteleza kidogo.

Hospitalini nilimkuta amelazwa chali, macho kwenye dari, midomo imekauka. Daktari alikuwa kijana mpole ambaye hakuharakisha maneno. Nitaeleza alivyonieleza, kwa sababu huenda nawe siku moja ukasimama mahali niliposimama, na kuelewa hupunguza hofu hata kama hakuiondoi.

Mgongo wa binadamu si mfupa mmoja. Ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, kama pingili za muwa, na nyuma ya pingili hizo umepita mfereji. Ndani ya mfereji zimo neva, nyuzi laini zinazobeba amri kutoka kichwani kwenda miguuni. Nyuzi hizohizo ndizo zinazokuambia kwamba mkojo umekubana. Pingili moja ya mume wangu, pale mbavu zinapoishia, ilikuwa imepondeka kama boksi la karatasi lililokaliwa. Kipande chake kilikuwa kimesukumwa nyuma kuelekea mfereji, lakini kilikuwa hakijazikaba neva. Miguu yote miwili ilikuwa ikifanya kazi.

"Njia ni mbili," daktari alisema, akiinua picha ya eksirei dirishani ili nione. "Ya kwanza ni kulala. Alale chali juu ya mbao, asiketi, asijigeuze mwenyewe, mpaka mfupa uanze kushikana. Hiyo ni karibu miezi miwili. Halafu tumvalishe plasta kutoka kwapani hadi kiunoni, aanze kusimama. Ya pili ni kupasuliwa Mombasa. Watafungua mgongo, wakaze vyuma na skrubu juu na chini ya pingili iliyovunjika, ili isisogee."

"Ipi ni bora?"

"Kwa mtu ambaye miguu yake inafanya kazi, zote mbili zinatetewa na madaktari. Kulala kuna hatari zake. Vidonda vya mgongoni, kifua kujaa, damu kuganda miguuni, na kile kipande kusogea. Kisu nacho kina zake. Usingizi wa dawa, vijidudu, na mkono wa daktari karibu na neva."

Nilitaka anichagulie. Nilimchukia kidogo kwa kutonichagulia. Siku hizi naelewa kwamba alikuwa akiniheshimu: pale ambapo hakuna jibu moja, daktari mwaminifu husema hivyo.

Mume wangu alikuwa amesikia yote. "Kisu kwa mgongo?" akasema. "Hapana. Wacha nilale. Kulala ni kazi gani?"

Tukachagua kulala. Kwa tuliyoyajua siku ile, ulikuwa uamuzi mzuri, na sitaki msomaji adhani wanaochagua kulala ni waoga. Kulala namna ile kunataka moyo wa chuma.

Gharama sitazizungumzia, kwa kuwa hoteli ilizibeba. Kilichotulemea sisi ni mikono. Mgonjwa wa mgongo hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili ngozi isioze, naye hageuzwi kama mtu mwingine. Hugeuzwa kama gogo, kipande kimoja: mmoja ameshika kichwa na shingo, wa pili mabega, wa tatu nyonga, wa nne miguu, na wote wanakwenda kwa sauti moja. Wauguzi walikuwa wachache na wadi ilijaa. Kwa hiyo tulifundishwa sisi wenyewe. Wenzake wa hotelini walikuja kwa zamu, wapishi na watandikaji vitanda, kwa sababu wageni walikuwa wamepungua na kazi imelegea. Mimi nilikuwa mtu wa kichwa.

"Fundi," mpishi alimwambia siku moja wakiwa wamemshika, "umelala kama mtalii. Nikuletee maji ya dafu na mrija?"

"Leta. Na uniletee bili wiki ijayo."

Kwenye kitanda cha jirani alilala mgema kutoka upande wa Vanga, aliyeanguka mnazini. Yeye miguu yake ilikuwa imekufa. Alipomwona mume wangu akiletwa, alimkaribisha akiwa amelala vilevile.

"Karibu chuo cha kutazama dari. Mimi nimeingia maembe yakiwa machanga. Ukiona doa jipya kwenye bati niulize, yote nayajua."

"Hiyo bati imetoboka," mume wangu akasema. "Hakuna fundi hapa?"

"Fundi si ndiye wewe? Panda."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kikamuuma mume wangu hadi akang'ata shuka.

Wiki za kwanza zilikwenda hivyo. Kila asubuhi daktari alimwambia akunje vidole vya miguu, navyo vikakunjika, nami nikaenda shuleni nikiwa na nguvu ya kufundisha. Nilianza hata kupanga tutakavyoweka mbao chini ya godoro letu atakaporudi nyumbani.

Sasa nieleze jambo la kwao na la kwetu, kwa sababu bila hilo hutaelewa kilichotokea.

Mume wangu ni mzaliwa wa magharibi mwa Kenya. Kwao, mwanamume na mama mkwe wake hukaa mbalimbali kwa heshima. Mama mkwe haingii chumba anacholala mkwewe, hamwoni akiwa amelala, na kitanda chake hakigusi kabisa. Kuketi juu yake ni jambo lisilosemeka, kama kumvua nguo mbele za watu. Alisilimu kabla hatujaoana, akaswali nasi na kufunga nasi, lakini adabu hiyo aliyolelewa nayo ilibaki mwilini mwake, na sikuona sababu ya kumwambia aiache. Kila mama yangu alipokuja kwetu, mume wangu alisimama uani, macho chini, akamwamkia shikamoo kwa mbali, halafu akapata kazi ghafla mahali pengine.

Kwa mama yangu mambo yalikuwa kinyume. Kwake mume wa bintiye alikuwa mwana. Alimwita "mwanangu" tangu siku ya nikaha, na kule kujitenga kwake alikuona kuwa ni haya tu. "Mkwe wangu ana haya kama biarusi," alikuwa akisema, akicheka. Nilimweleza mara nyingi kwamba ni mila ya kwao. Aliitikia "naam, naam," kama mtu anayeambiwa kwamba mtoto fulani hapendi maziwa.

Mama alikuwa akiishi karibu na Vanga. Barabara mbovu na goti lake vilimzuia kuja mapema. Siku aliyopata gari hakutuma salamu kwanza. Alishuka na kikapu chake na kuja moja kwa moja wadini. Mimi nilikuwa nje bombani nikiosha bakuli. Nilisikia sauti yake, "Hodi wagonjwa! Assalaam alaikum!" nikaacha bakuli likielea.

Nilifika mlangoni akiwa ameshaketi.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kikapu mapajani, mkono mmoja juu ya shuka ya mume wangu. Uso wake ulijaa huruma. Naye mume wangu alikuwa ameegemea viwiko, anajikokota kuelekea upande wa ukutani, kiuno kimejipinda, jasho linamtoka.

"Shikamoo mama. Si hapo, mama. Tafadhali, si hapo."

"Marahaba, mwanangu. Usiniinukie, baba, usiniinukie!" Mama alidhani anainuka kwa adabu ya mgeni. Akaweka kiganja kifuani mwake amlaze. "Nikae wapi tena kama si kwa mwanangu?"

"Mama, inuka!" nikasema, na sauti ikatoka kali kuliko nilivyokusudia. Akainuka, akanitazama kwa mshangao. Mgema akageuzia uso wake ukutani.

Tulimlaza mume wangu sawasawa. Mama alimsomea dua akiwa amesimama miguuni pa kitanda, akamwachia mikate ya mofa na samaki wa kukaanga, akaondoka kabla gari la kurudi halijamwacha. Nilimsindikiza hadi barabarani. Aliniambia, "Mume wako amekonda, lakini uso una nuru. Atainuka, inshallah." Niliporudi, mume wangu alikuwa ametulia mno.

"Mwalimu," akasema. Ndivyo anavyoniita. "Mguu ya kushoto imelala."

"Ganzi tu. Ulijikunja."

"Imelala tangu saa ile."

Nilimbonyeza vidole vya mguu kwa kidole gumba changu. Hakujua ni kipi nilichokishika. Kufikia alasiri mkojo ukakataa kutoka, tumbo likamjaa, na wakamtia mpira wa kuutoa. Hata mguu wa kulia ukaanza kulegea.

Daktari aliuliza kama aligeuzwa vibaya. Alituangalia sote, sisi watu wa mikono.

"Nilijigeuza mwenyewe," mume wangu akasema. "Nilisahau."

Daktari alipoondoka, mume wangu alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Mama asijue. Umesikia? Hata siku moja."

Hakujua. Mama ametangulia mbele ya haki bila kuambiwa, ndiyo maana leo naweza kuandika. Na mimi sijapata kumlaumu yeye, wala mume wangu. Kila mmoja alifanya alichofundishwa kuwa ni wema.

Picha mpya ilionyesha kile kipande cha mfupa kimeingia ndani zaidi ya mfereji. Daktari alinikalisha barazani.

"Mwalimu, mazungumzo yetu ya kwanza yamekwisha. Haya ni mengine. Miguu ilipokuwa mizima, kulala kulitosha. Sasa neva zinakabwa, na zinaendelea kukabwa. Nimezungumza kwa simu na daktari mpasuaji Mombasa. Anasema mleteni, atakiondoa kipande na kukaza vyuma. Lakini amesema kwanza mgonjwa mwenyewe akubali. Kwa barabara hii, kumhamisha peke yake ni hatari. Hataki ateswe njiani, kisha akatae akifika."

Ningekuwa na moja tu la kukufundisha katika yote haya, lingekuwa swali nililouliza pale. Nilikuwa nimechoka kuuliza ipi ni bora. Nikauliza, "Tukingoja, tunapoteza nini?"

Akanijibu wazi. "Neva iliyokabwa kwa muda mfupi inaweza kuamka. Iliyokabwa muda mrefu haiamki. Mahali pa kuvuka kati ya huo mfupi na huo mrefu sipajui, wala hakuna anayepajua hasa kwa huyu mgonjwa. Huenda tukingoja ikarudi yenyewe. Huenda isirudi, na ule wa kulia ukafuata."

"Na akipasuliwa?"

"Huenda ikarudi. Huenda ikabaki hivi. Na ipo nafasi, ndogo lakini ipo, kwamba ataamka na hali mbaya kuliko sasa."

Nilimpelekea mume wangu maneno hayo yote bila kupunguza. Alisikiliza akitazama bati.

"Saa hii nina mguu moja na nusu," akasema. "Wakinikata, naweza kukosa zote."

"Ndiyo."

"Na nikilala naweza kukosa zote."

"Ndiyo."

"Sasa hiyo ni kuchagua gani, Mwalimu?"

Alivuta shuka akajifunika uso, nami nikakaa pale nikiitazama miguu yake chini ya shuka, miguu iliyopanda minara yote ya Diani, imelala kama vitu vya mtu mwingine. Ndugu zake tuliwapigia simu kutoka Ukunda. Kaka yake mkubwa akasema mgongo haukatwi, tumpeleke nyumbani, yupo mtu anayeunganisha mifupa kwa mikono. Nikamwuliza atafikaje huko akiwa hawezi kuketi. Akasema tumlaze kwenye kiti cha nyuma cha basi. Simu ikakatika, nami nikashukuru.

Nilikwenda nyuma ya wadi, mahali wanapoanika shuka za wagonjwa, nikaingia katikati ya shuka mbichi ili nisionekane, nikalia. Nililia bila mpangilio. Nilimwomba Mungu amchagulie, kisha nikamwomba anichagulie mimi, kisha nikaishiwa na la kuomba nikawa nasema tu "tafadhali". Nilijua kwamba nikimsukuma akubali na akaamka bila miguu, nitaishi na macho yake maisha yangu yote. Nilijua pia kwamba nikinyamaza na miguu ikafa taratibu, nitaishi na macho hayohayo. Niliporudi ndani nilikuwa nimelowa mabegani kama mtu aliyenyeshewa.

Nilikuta wanazozana.

"Wewe fundi," mgema alikuwa akisema, "bomba likipasuka ndani ya ukuta, unalisomea Yasini au unavunja ukuta?"

"Navunja. Lakini ukuta hailii, bwana. Ukuta haina mke."

"Ala! Mke wako ndiye huyo, amelowa chapachapa. Mwangalie."

"Niache, mgema."

"Sikuachi. Mimi sikuulizwa, unasikia? Niliokotwa mnazini nikaketishwa kwenye lori katikati ya magunia ya nazi, nikafika hapa nimeshakwisha. Hakuna aliyekuja na picha akaniambia njia ni mbili. Wewe umeulizwa mara mbili. Mara mbili! Unajifunika shuka. Nipe mimi hilo swali kama hulitaki!"

Sauti yake ilipasuka mwishoni. Hakuwa akitoa busara, alikuwa na wivu, wivu mkali wa mtu anayeona mwenzake akimwaga maji jangwani, na aliona haya kwa wivu huo kwa sababu muda si mrefu alisema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, ndugu yangu. Vidonda vinaniuma."

Mhudumu alipomaliza kugawa chai, mume wangu alishusha shuka usoni.

"Mwalimu, ungekuwa wewe?"

Nilikuwa nimeliogopa swali hilo kuliko yote. Nikalijibu kama ninavyojibu darasani, hatua kwa hatua, kwa sababu sikujua namna nyingine. "Ningeogopa yote mawili. Lakini kulala tulikuchagua wakati miguu ilikuwa mizima, ili tuilinde. Sasa inaondoka huku tunaitazama. Kulala hakuilindi tena. Kisu kinaweza kushindwa, lakini angalau kinakwenda pale penye tatizo. Hivyo ndivyo ninavyoona. Na nikikosea nitakuwa nimekosea nikiwa hapa kando yako."

"Usiniambie itakuwa sawa."

"Sikwambii."

"Sawa. Wakate."

Alisema "wakate" kama anayeruhusu mafundi wafunge maji ya mtaa. Nami nikamshika kichwa, kazi yangu ya siku zote.

Safari ya Mombasa ilituchukua muda mrefu kuliko ilivyostahili. Walimlaza kwenye ubao, mifuko ya mchanga pande zote mbili, na dereva akaendesha kama aliyebeba mayai, akizunguka kila shimo. Kwenye shimo aliloshindwa kulizunguka, mume wangu alifumba macho na mimi nikahesabu pumzi zake. Likoni, gari liliposhuka kuingia kwenye feri, mfanyakazi mmoja aliwazuia watu wa miguu kwa mikono yake miwili na kupiga kelele, "Mgonjwa wa mgongo! Pole pole! Asisukume mtu!" Watu wakasimama. Mama mmoja aliyebeba ndizi aliweka mzigo chini akainua viganja kutuombea. Sikumjua, na nilitaka kushuka nimkumbatie.

Daktari mpasuaji alikuwa mtu wa makamo, mikono mikavu, maneno machache. Alimpima, akamwonyesha skrubu moja mkononi, ili aone ukubwa wake. Mume wangu aliigeuza vidoleni kifundi.

"Hii haishiki kutu?" akauliza.

"Haishiki."

"Hata na chumvi? Mwili iko na chumvi."

Daktari alimtazama, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Hata na chumvi, fundi."

Wakamchukua asubuhi. Sitaeleza kungoja. Aliyewahi kungoja kwenye benchi la namna ile anakujua, na asiyewahi Mungu amwepushie.

Watu huniuliza hadi leo kama tulichagua sawa. Wengine huwa na mgonjwa nyumbani na wanataka niwaambie kisu au kulala. Huwaambia sijui. Huwaambia waulize kama miguu inafanya kazi, kama mfupa umetulia au unasogea, kitu gani kitapotea kwa kungoja, na nani atamgeuza mgonjwa mchana na usiku. Wakishauliza hayo watachagua, na uamuzi utakuwa wao, nao wasiuonee haya hata mambo yakienda kombo. Uamuzi mzuri unaweza kuzaa matokeo mabaya. Hilo nalisema polepole, kwa sababu lilinichukua miaka kulikubali.

Alipozinduka kutoka kwenye usingizi wa dawa, alikuwa amelazwa chali tena, mpira puani, mpira mkononi, mpira wa mkojo ukining'inia. Hakuweza kuinua kichwa aone miguu yake. Daktari alifunua shuka miguuni, akamwambia akunje vidole.

Niliona uso wake ukijikaza. Mishipa ya shingo ilisimama.

"Nimekunja?" akauliza.

Daktari alikuwa akiandika. Macho ya mume wangu yakanitafuta mimi. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimeinama, polepole, kama anayeitikia kwa kichwa. Wa kushoto ulikuwa umelala kama ulivyolala wadini kwetu.

"Mwalimu. Nimekunja?"

Nilimsogelea ili anione vizuri. Nilikuwa nimemwahidi kutomwambia kwamba mambo ni sawa.

"Wa kulia umekunja," nikasema. "Wa kushoto bado."

Machozi yalimtoka pembeni, yakaingia masikioni, kwa kuwa aliyelala chali hulia hivyo. Nikayafuta kwa pembe ya leso yangu. Alitazama dari la hospitali ile, dari jeupe lisilo na doa hata moja.

"Jaribu tena," daktari akasema.

Akajaribu tena.